Kufunga choo sugu: Kwa nini chupa moja ya dawa haitoshi

KWA mkulima wa Nachingwea au Ruangwa, mkoani Lindi, gharama ya kutibu tatizo sugu la kufunga choo haipimwi kwa bei ya chupa moja ya dawa, bali kwa idadi ya chupa zinazohitajika mwezi mzima.

Kitaalamu, tatizo huitwa sugu pale mtu anapopata choo chini ya mara 3 kwa wiki, au choo kigumu kwa taabu, kwa miezi 3 au zaidi. Huwapata zaidi wazee, wajawazito na wanaotumia dawa kama mofini au vidonge vya madini ya chuma.

Miongoni mwa dawa zinazoandikwa ni laktulosi ya maji, ambayo huvuta maji ndani ya utumbo na kulainisha choo. Mtu mzima hutumia mililita 15 hadi 30 kwa siku. Kwa kipimo hicho, chupa ya mililita 100 humalizika ndani ya wiki moja, na kwa siku 30 zinahitajika chupa 5 hadi 9. Vidonge vya bisakodili ni nafuu zaidi, lakini huchochea misuli ya utumbo, hivyo havishauriwi kutumiwa kila siku kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari.

Ugumu mwingine ni kipato cha msimu. Korosho, zinazouzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha Runali, huleta fedha kuanzia Oktoba. Ufuta hufuata katikati ya mwaka. Kati ya misimu hiyo akiba hupungua, ilhali ugonjwa hausubiri mnada.

Kwa mujibu wa sera, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Hata hivyo, msamaha huo hauna maana kubwa iwapo dawa haipo kituoni, kwani mgonjwa hulazimika kuinunua nje.

Mwaka 2018, katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kaya ya watu 6 ilichangia Sh30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, swali la msingi kabla ya kujiunga na bima yoyote ni kama dawa yake imo katika orodha ya mafao.

Wakati huohuo, sehemu ya tiba imo shambani: unga wa dona badala ya sembe, mbaazi, kunde, mapapai na maji ya kutosha. Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo na kupunguza dawa.

Lakini anayeona damu chooni, anayepungua uzito au kuvimba tumbo na kutapika asijinunulie dawa, bali awahi hospitali.