Kitufe Huomba, Gari Huamua

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Leo tunatoka Migori mjini kwenda Homa Bay, ndani ya Toyota Aqua. Dereva ni mjomba. Nyuma ameketi mpwa wake asiyeishiwa maswali, mfuko wa viazi ukiwa miguuni pake.

Aqua ilianza kuuzwa Japani Desemba 2011. Ni gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Mvuvi wa Homa Bay hupiga kasia karibu na ufuo, akifika maji makuu akawasha mashine. Aqua nayo huondoka kwa umeme, injini ikaingia pale kazi inapozidi uzito.

Asubuhi hiyo injini imeanza tu kunguruma. Mjomba anabonyeza kitufe chenye herufi EV, yaani umeme mtupu. Gari linalia *pi!* na injini inaendelea vilevile.

"Mjomba, limekukatalia?"

"Limekataa, mwanangu. Injini ililala baridi, sasa inajipasha moto. Kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi vizuri mpaka kipate joto. Kitufe changu ni cha kuomba. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua."

Awendo wanakwama nyuma ya trekta la miwa. Mjomba anabonyeza tena. Taa ya EV inawaka, injini inanyamaza kimya. Njia inapofunguka, anakanyaga mafuta kulipita trekta. *Pi!* Injini imeamka.

"Sasa umefanya nini?"

"Nimetaka nguvu nyingi kwa ghafla, na mota peke yake haitoshi. Hata ningekanyaga taratibu, nikivuka kilomita 40 na ushei kwa saa, kitufe kingejizima. Tena betri ni ndogo: umeme mtupu hutupeleka mita mia kadhaa, ukizidi sana kama kilomita mbili. Chaji ikishuka, injini huwaka ili kuilinda."

Wanapita Rongo, kisha Rodi Kopany. Kutoka hapo barabara inateremka kuelekea Ziwa Victoria, lililo mita 1,130 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mjomba anaondoa mguu kwenye mafuta. Hajagusa kitufe, na mwendo ni zaidi ya kilomita 40, lakini injini inanyamaza na taa ya EV inawaka yenyewe! Mtoto anaona vijistari vya betri kwenye dashibodi vikiongezeka. Mteremko unazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha mota, na mota inazalisha umeme unaorudi kwenye betri.

Homa Bay mjini, jua kali, foleni. Betri imejaa, mwendo ni wa kobe, injini ina joto. Mjomba anabonyeza. *Pi!*

"Safari hii kosa ni la nani?" mtoto anauliza.

"La viazi! Betri kubwa iko chini ya kiti chako, na feni yake huvuta hewa ya humu ndani kupitia tundu la kiti. Mfuko umeliziba. Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta haitaiongezea kazi."

Mtoto anausogeza mfuko.

Sasa, wasomaji wangu, ni zamu yenu. Jioni Aqua inapanda kutoka ziwani kurudi Migori, imebeba watu wanne na gunia la omena kwenye buti, chaji imebaki kidogo. Mjomba akibonyeza EV mlimani, gari litakubali? Toeni sababu mbili.