Mbwa wa Nyumbani na Kambi ya Hifadhini

Miongoni mwa maswali ambayo daktari wa mifugo huulizwa na watu wa mijini kila likizo inapokaribia, limo moja ambalo zamani halikuwa na muulizaji: je, yafaa mtu anayekwenda kupiga kambi katika hifadhi ya taifa afuatane na mbwa wake? Wazee wetu wa pwani, ambao mbwa kwao alikuwa mlinzi wa shamba tu, asiye na ruhusa ya kukanyaga hata baraza, wangelicheka. Lakini leo Nairobi, Arusha na Dar es Salaam zimejaa nyumba ambamo mbwa ana jina, ana godoro na ana cheti cha chanjo, na mwenye mbwa wa namna hiyo huona dhiki ya kweli kumwacha nyuma. Dhiki hiyo siidharau. Ninalosema ni kwamba aghalabu muulizaji huja na nusu ya swali: hutaka kujua hifadhi itamfanya nini mbwa wake, na nusu iliyobaki, yaani mbwa wake ataifanya nini hifadhi, haimjii akilini.

Kwa Kenya na Tanzania sheria imekwisha kujibu: mnyama wa kufugwa haingizwi katika hifadhi ya taifa kwa matembezi. Walakini amri isiyofahamika sababu yake huonekana ni inda ya wakubwa, na mtu huanza kufikiri namna ya kumficha mbwa mdogo chini ya kiti cha gari. Kwa hiyo yafaa sababu ielezwe, na hakuna mahali inapoelezeka vizuri kuliko Serengeti.

Mapema mwaka 1994 watalii waliokuwa wakielea kwa puto juu ya mbuga hiyo walimwona simba akigaagaa kwa mtukutiko wa viungo. Hakuwa peke yake. Katika muda wa miezi michache simba wapatao 1,000, yaani kadiri ya theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, walikufa, na maradhi yakavuka mpaka hadi Maasai Mara, yakiwapata pia fisi na chui. Wataalamu walipochunguza maiti na damu walikuta virusi vya distempa, maradhi ambayo sisi tunaotibu mbwa twayajua siku zote: mbwa hutokwa na usaha machoni na puani, hukohoa, huhara, nyayo zake hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani, kisha, pale mwenyewe anapodhani mgonjwa amepata nafuu, misuli ya kipaji huanza kutetema, taya zikatafuna hewa, na mwisho kifafa kikamwangusha. Asili ya virusi hivyo ilidhaniwa kuwa ni mbwa wa vijijini walioizunguka hifadhi, ambao wengi wao hawakuwa wamechanjwa, na ambao maradhi yao yaliweza kuwafikia fisi wanaozurura kati ya kijiji na nyika, kisha simba wanaogombea na fisi mizoga.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesema kweli isiyotimia, maana jambo hili lina upande wa pili ambao husahauliwa na wapendao hadithi fupi. Damu za simba zilizokuwa zimehifadhiwa tangu zamani zilionyesha kwamba virusi hivyo vilikwisha kupita kati yao kabla ya hapo bila ya vifo vya kutajika. Kilichozidi safari ile kilikuja kubainishwa na wataalamu mwaka 2008: mwaka 1993 ulikuwa wa ukame mkali, nyati walidhoofika na kujaa kupe, simba wakawala nyati hao kwa wingi na kuambukizwa vijidudu vya damu vinavyochukuliwa na kupe, na distempa ilipokuja na kuuvunja ulinzi wa mwili, vijidudu hivyo vikapata nafasi ya kuzaana bila ya kipingamizi. Virusi kutoka kwa mbwa, kiu ya nyati, na mdudu asiyezidi punje ya dengu vilikutana katika mwili mmoja. Ndiyo maana mtu wa fani hii hatetemeki kwa hofu ya mbwa mmoja, ila huogopa kuongeza sababu moja juu ya sababu asizoziona. Tena, ingawa tangu wakati huo mbwa wa vijiji vya kandokando wamekuwa wakichanjwa kwa maelfu, uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba distempa yaweza kuendelea kuzunguka kati ya wanyamapori wenyewe. Kilichokwisha kuingia hakitolewi kwa kuwachanja mbwa peke yao.

Hapa mwenye mbwa hudakia, na ana haki: wangu amechanjwa. Vema. Mbwa aliyeanza chanjo ya distempa akiwa na majuma sita au manane, akarudiwa hadi alipotimiza majuma kumi na sita, na akachanjwa kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa baada ya mwaka, ni mbwa ambaye hatari yake ni ndogo mno. Lakini mlinzi wa lango hana darubini ya kutazama damu, na sheria haiwezi kumtofautisha mbwa huyo na yule ambaye cheti chake kiliandikwa na chanjo yake ikasahauliwa. Kichaa cha mbwa chenyewe ni mfano wa kutosha: mbwa aliyeambukizwa aweza kuwa na virusi katika mate siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili yoyote, akiwa bado anatikisa mkia. Nayo parvo, ambayo ni maradhi ya matumbo, hutoka na kinyesi na kudumu katika udongo kwa miezi mingi, muda mrefu baada ya hema kung'olewa.

Wako pia wanaoweka tumaini lao lote katika kamba. Nchini Australia, karibu na Sydney, wataalamu waliwapitisha watu wakiwa na mbwa waliofungwa kamba katika njia za msituni, kisha wakahesabu ndege: aina zilizoonekana zilipungua kwa asilimia 35, na idadi ya ndege kwa asilimia 41. Mbwa hao hawakumfukuza ndege hata mmoja; walipita tu. Kwa mnyama anayewindwa, mwili wa mbwa na harufu ya mkojo wake ni habari ya adui, na kamba haibadili habari hiyo.

Ama ile nusu ya kwanza ya swali, ya yatakayompata mbwa, nayo haina faraja nyingi. Mbung'o, ambao kwa mtu ni kero na mara chache maradhi, kwa mbwa huweza kuleta ndorobo ya kumfifiza macho yakawa meupe kama maziwa. Na homa ya kupe humpaka ufizi rangi ya karatasi na kuugeuza mkojo wake kuwa kama chai ya rangi, ilhali daktari yuko mbali mwendo wa nusu siku kwa gari. Tena kambi za Serengeti hazina ua. Usiku fisi hupita kati ya mahema akinusa majivu ya mapishi. Mtu aliyelala humsikia, akajifunika shuka, na mambo yakaisha. Mbwa hawezi kunyamaza. Nywele za mgongo humsimama, hubweka, na kwa kubweka humwita chui, ambaye miongoni mwa wanyama wakubwa wa nyika yetu hana mshindani katika kupenda nyama ya mbwa, na ambaye hula mbwa hata ndani ya nyua za watu. Mbaya kuliko kuliwa ni mbwa kumkimbilia mnyama, kisha kutaharuki na kurudi mbio kwa bwana wake akiwa na mnyama huyo nyuma yake.

Atakayesema kwamba Marekani mbwa huruhusiwa amesema kweli, ila na asome masharti. Katika Yellowstone, hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote, iliyoanzishwa mwaka 1872, mbwa huruhusiwa kambini na kandokando ya barabara kwa umbali usiozidi mita 30, kwa kamba isiyozidi futi sita, na haruhusiwi katika njia za miguu wala juu ya vijia vya mbao vinavyopita kwenye chemchemi za maji moto; kumwacha amefungwa peke yake ni kosa vilevile. Mwaka 1981 mbwa alichopoka garini akajitosa katika mojawapo ya chemchemi hizo, na kijana mmoja akamfuata kumwokoa ndani ya maji yaliyokuwa karibu na kuchemka. Wote wawili walikufa. Kwa hiyo hata Mswahili aishiye huko, mwenye ruhusa mkononi, ajiulize siku yake itakwendaje: ama yeye aketi kambini akimlinda mbwa, ama wapokezane zamu na mwenzake, mmoja akitazama maajabu na mwingine akitazama mkia. Kwa safari ya kulala njiani hilo lavumilika. Kwa safari ya kutembea kwa miguu, mimi naona ni gharama ya bure.

Mbwa ninaokubali waingie hifadhini ni wale wenye kazi, mfano wa wale wa Virunga, mashariki ya Kongo, wanaofuata nyayo za majangili wakiongozwa na askari waliofunzwa. Hao hukaa katika mabanda, chanjo zao hazikosi, na hawapigi hatua pasipo mshika kamba.

Wako wewe mwachie mtu anayemjua, nyumbani kwako kuliko kwingine, pamoja na chakula alichokizoea na namba ya simu ya daktari. Na ukiwa Nairobi na shauku ya kutembea naye penye miti ikikuzidi, msitu wa Karura, usio hifadhi ya taifa, huwapokea mbwa waliofungwa kamba. Jambo moja la kuangalia: kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa imepitwa na wakati, mrudie daktari kabla ya safari, kwa kuwa mbwa aliyeachwa ndiye mwenye desturi ya kuruka ua kumtafuta bwana wake.