Coupé mbili za mazutu, familia moja: namna tulivyochagua



Mwezi uliopita mdogo wangu wa Bukavu alinitumia picha ya gari. Amemaliza licence yake, amepata kazi, sasa ni mwezi wa sita anapokea mshahara. Chini ya picha aliandika: "Yaya, njo hii. Coupé, mazutu, milango mine. Unaweza kunitafutia moja huko uko na uitume?" Gari ya kwenye picha ilikuwa BMW 420d Gran Coupé, ileile ninayoendesha hapa Liège, Ubelgiji. Nilicheka, kisha nikanyamaza, juu jibu lake haliingii katika mistari miwili. Nimeona niliandike hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye hiyo picha kwenye simu.

Tuanze na jina. Siye tuliosoma kwa Kifaransa tunajua coupé ni "iliyokatwa". Neno lilianzia kwenye magari ya farasi: walichukua gari kubwa ya viti viwili vinavyotazamana, wakakata sehemu ya mbele, kikabaki kiti kimoja. Tangu zamani basi, coupé ni gari iliyopunguzwa nafasi ili ipendeze. Mwaka 2004 Mercedes walileta CLS, gari ya milango minne yenye mgongo wa coupé, na wengine wakafuata. Audi walitoa A5 Sportback mwaka 2009, BMW wakatoa 4 Series Gran Coupé mwaka 2014. Wanatuambia: chukua uzuri, na familia pia itaingia. Swali ni moja tu: itaingia kweli?

Familia yetu iko hivi. Mimi na bibi yangu, watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka mitatu wakati ule, na mama mukwe anayekuja kukaa nasi miezi mitatu akipata viza. Kazi yangu iko Bruxelles, karibu kilomita 100 kwenda na zile zile kurudi, siku tatu kwa juma. Masomo ya watoto yako kilomita mbili tu na nyumba. Na Siku ya Mungu, mara moja kwa mwezi, tunashuka Matonge kutafuta sombe, unga wa bugali na samaki. Nayaeleza haya kwa sababu gari haichaguliwi kwa picha. Inachaguliwa kwa njia unazopita kila siku.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Gari yetu ya kwanza huku ilikuwa kikuukuu cha mazutu. Wakati ule nilikuwa bado sijapata kazi ya Bruxelles, tuliitumia kupeleka watoto masomoni na kwenda dukani tu. Baada ya miezi minane taa ya rangi ya chungwa ikawaka, gari ikapoteza nguvu, fundi akaniambia kichujio cha moshi kimeziba. Bei ya kukibadilisha ilikaribia bei tuliyonunulia gari yenyewe. Gari haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilinunua nisichokielewa.

Sikilizeni namna kile kichujio kinavyofanya kazi. Injini ya mazutu inatoa masizi. Magari ya miaka hii yana kichujio kwenye bomba la moshi kinachoyashika. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari inapandisha joto la moshi mpaka kwenye digrii 600 hivi, yanaungua, kichujio kinakuwa safi tena. Lakini kazi hiyo inahitaji dakika 15 au 20 za mwendo mzuri usiokatika. Ukitembea kilomita mbili na kuzima, kilomita mbili na kuzima, hakipati nafasi ya kujisafisha. Ndiyo maana nasema mazutu si ya kila mtu. Mwenye safari ndefu anapata faida. Mwenye safari fupi achukue gari ya esansi, asidanganywe na lita chache anazookoa.

Mwaka 2022, nikiwa sasa na kazi ya kilomita 200 kwa siku, mazutu yalikuwa na maana kwetu. Tukabakiwa na magari mawili: Audi A5 Sportback 2.0 TDI ya 2013, na BMW 420d Gran Coupé ya mwisho wa 2015. Audi ilikuwa rahisi zaidi kwa karibu euro 3,000.

Kwenye karatasi utafikiri ni mapacha. Nyuma kwenye mizigo, zote mbili lita 480. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, zote mita 2.81. Zote madirisha hayana fremu, na zote mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake, jambo zuri sana kwa mwenye magunia ya unga, juu shimo la kupitishia mzigo ni pana. Audi ni ndefu kidogo, mita 4.71 kwa 4.64. Nguvu ni farasi 177 kwa Audi na 190 kwa BMW. Kwa baba wa familia, tofauti hiyo ya nguvu haina maana.

Bibi yangu hakutaka karatasi. Alibeba viti vya watoto, tukaenda navyo mpaka kwa wauzaji. Alivifunga nyuma, kushoto na kulia, kisha yeye mwenyewe akajibana katikati na kufunga mlango. Muuzaji alishangaa. Bibi akasema: "Papa, hapa ndipo mama atakaa. Sasa kaa wewe, nione."

Nilikaa. Katika Audi, kichwa kiligusa dari na mabega yakabanwa na viti vya watoto. Tena A5 Sportback za mwanzo zilitoka kiwandani na viti vinne tu, kwa hiyo ukiona moja sokoni hesabu mikanda kwanza. Katika BMW mambo hayakuwa mazuri sana kuliko hapo: kati ya miguu kuna mgongo mkubwa, juu injini iko mbele na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, chuma cha kuzungusha kinapita katikati chini ya gari. Kichwani palikuwa na nafuu ya vidole viwili. Ukweli ni huu: kwa watu wanne, hizi gari ni nzuri kabisa. Kwa wa tano ni adhabu, na kwa mama wa miaka 65 ni kumkosea heshima. Tulikubaliana kwamba mama akija, yeye atakaa mbele, na bibi yangu ndiye atabanwa nyuma. Alikubali mwenyewe, na kila safari ananikumbusha.

Njiani, Audi ile ilikuwa inavutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye mvua na vilima vya Liège inampa dereva utulivu. BMW inasukumwa na ya nyuma, usukani wake ni mwepesi na unafurahisha, lakini theluji ikianguka bila magurudumu ya baridi utabaki chini ya kilima. Hesabu magurudumu manne ya ziada katika bei yako. Mafuta, yetu inakula kama lita 6 kwa kilomita 100 kwenye barabara kuu.

Kilichoamua ni kitu ambacho hakionekani kwenye picha: kiwango cha moshi. Bruxelles yote ni eneo la moshi mdogo tangu 2018. Antwerpen walianza 2017, Gent 2020. Ukiingia na gari iliyokatazwa, kamera inasoma namba yako na faini inakuja nyumbani. Magari ya mazutu ya Euro 4 yalikuwa yamefungiwa Bruxelles tangu Januari 2022, na katika ratiba waliofuata ni Euro 5. Audi ile ilikuwa Euro 5. BMW ilikuwa Euro 6. Zile euro 3,000 za kuokoa zingekuwa za nini, kama kesho siwezi kufika kazini wala Matonge? Hapo mjadala ukaisha.

Kabla ya kulipa kulikuwa na karatasi za kuomba, na kila mtu anayenunua magari haya aziombe. Kwa Audi ya umri ule, injini yake ni ya jamii ya EA189, ileile ya kashfa ya Septemba 2015, pale Volkswagen walipokamatwa na programu iliyodanganya vipimo vya moshi katika magari kama milioni 11 duniani. Omba ushahidi kwamba programu ilibadilishwa, na pia kwamba mkanda wa injini umebadilishwa kwa wakati wake. Kwa BMW, mwaka 2018 kampuni iliita magari mengi ya mazutu yarudi, kwa sababu kifaa cha kupoza moshi unaorudishwa kwenye injini kilivuja na kuweza kuleta moto. Omba ushahidi kwamba kazi ilifanyika. Tena mnyororo wa injini ya BMW uko upande wa nyuma, karibu na sanduku la gia. Ukisikia kelele ya chuma injini ikiwaka asubuhi, aga muuzaji vizuri na uende zako, juu kuufikia ni kazi ya siku na pesa.

Tukachukua BMW. Lakini niseme ukweli wote, nisije kuwa kama watangazaji. Kuna BMW 320d Touring yenye injini ya aina ileile, urefu uleule kati ya magurudumu, lita 495 za mizigo na paa lililonyooka mpaka nyuma. Kwa familia yetu ndiyo ilikuwa gari ya akili, na mara nyingi bei yake ni chini. Hatukuichukua kwa sababu mimi nilipenda ule mgongo. Ni uzuri tuliulipia, kwa pesa na kwa magoti ya bibi yangu. Hakuna ubaya kulipia uzuri, ilimradi unajua ni kiasi gani na ni nani katika nyumba anayelipa.

Sasa mdogo wangu, jibu lako. Hapana, sitakutumia. Gari hii chini yake haifiki sentimita 15 kutoka ardhini, na wewe unajua mashimo ya Bukavu kuliko mimi. Ulaya, tangu 2009, sheria inadai mazutu yasiwe na salfa zaidi ya miligramu 10 kwa kilo moja, na kile kichujio kilitengenezwa kwa mafuta hayo. Kadafi anayekuuzia kwa bidoni kando ya njia, atakupa hakika gani? Na safari yako ya kazini ni kilomita tatu za kupanda na kushuka. Unayakumbuka ya gari yangu ya kwanza. Tafuta gari ya esansi iliyoinuka, ambayo fundi wa mtaa wako anaijua kwa mikono yake. Na kabla ya kulipa, mwite mama, umkalishe nyuma, ufunge mlango, umuulize anajisikiaje. Akisema sawa, lipa.

Ile picha iache kwenye simu. Haili mafuta.