Merigi: Historia Inayoitwa kwa Majina

Kwa desturi ya Wakipsigis, mtoto mchanga hachaguliwi jina na wazazi wake. Kina mama wazee wa ukoo hukusanyika nyumbani na kuanza kutaja majina ya jamaa waliofariki, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, nyumba nzima hushangilia: aliyeondoka amekubali kurudi. Akichelewa kupiga chafya, ugoro kidogo husogezwa puani. Jina hilo huitwa kurenet.

Kisha huja jina la saa au hali ya kuzaliwa. Kiprono alizaliwa jioni, mbuzi wakirudi zizini. Kibet alikuja mchana, Kiprop mvua ikinyesha, na Cheruiyot usiku, watu wakiwa wamelala. Mwanamume akishatahiriwa na kuhesabiwa mtu mzima, huitwa arap, yaani mwana wa fulani. Kwa hiyo mtu mmoja hubeba babu aliyekufa, saa aliyozaliwa na baba aliyemlea, bila hata mstari mmoja wa maandishi.

Merigi, nyumbani kwa Wakipsigis hawa, ni wadi ya Bomet Mashariki, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, kwenye nchi ya vilima, mabonde na mashamba ya chai. Mito miwili mikubwa ya eneo hilo, Nyangores na Amala, hushuka kutoka msitu wa Mau, hukutana na kuwa mto Mara, ambao hupita Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Dunia inaujua Mara kwa nyumbu wanaovuka. Watu wa huku juu wanaijua mito hiyo kama maji ya ng'ombe na ya jikoni.

Nchi nayo ina majina yanayokumbuka. Kapkoros ni mahali ambapo jumuiya ilikusanyika kumwomba Asis, Mungu ambaye jua ni ishara yake. Katika boma, familia ilikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi iliyosimamishwa nje ya nyumba. Siku hizi wengi wa wenyeji ni Wakristo, na jina Kapkoros limeandikwa kwenye kiwanda cha chai cha wakulima wadogo huko Bomet. Mkulima anayepeleka majani yake kiwandani analitaja jina la mahali pa sala, alijue asilijue.

Umri pia una majina. Mzee wa Kikipsigis haulizwi alizaliwa mwaka gani. Huulizwa rika lake, yaani ibinda. Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi: majina haya huzunguka; kizazi cha rika kikiisha, jina lake hurudi baada ya miaka mingi kwa vijana wengine. Rika humwonyesha mtu nani wa kumpisha kiti na nani wa kutaniana naye. Vijana wa kiume bado hutahiriwa na kukaa jandoni, mara nyingi wakati wa likizo ya Desemba, ili masomo yasikatike. Ukeketaji wa wasichana ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na hiyo ni mila iliyostahili kuachwa.

Ugomvi una mahali pake: kokwet, baraza la majirani. Ng'ombe ameingia shambani, mpaka umesogezwa, mume na mke hawaelewani. Wazee huketi, kila upande husikilizwa, na uamuzi hutafutwa ambao majirani wataweza kuishi nao kesho yake.

Jikoni kuna kumbukumbu nyingine, nayo ni mursik. Kibuyu, sotet, huoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa hadi kiwe kaa jekundu, kikatiwa ndani ya kibuyu na kusuguliwa kwa sosiot, ufagio mwembamba wenye ncha zilizochanwachanwa, mpaka ukuta wote wa ndani uvae masizi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kibuyu hufunikwa, na baada ya siku kadhaa hutoka maziwa mazito yenye michirizi ya kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo maziwa ambayo wanariadha wa Kenya hupokewa nayo uwanja wa ndege wakirudi na medali.

Maisha ya shambani yamegeuka mara nyingi. Makampuni ya Waingereza yalianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, lakini Mwafrika alisubiri hadi miaka ya 1950 kuruhusiwa kuwa na michai yake. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Longisa, jirani na Merigi, na mashamba mengi yakakauka mahindi yakiwa bado mabichi. Wanaokumbuka msimu huo wako hai, na hadithi yao ni historia sawa na ile ya mababu.

Kumbukumbu ikihifadhiwa, hurudi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, ukiwemo ule wa Chemirocha, ambao wasichana waliuimba kwa jina la mwanamuziki wa Marekani, Jimmie Rodgers, waliyemsikia kwenye santuri. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za nyimbo hizo zilirudishwa kijijini, na angalau mmoja wa waliorekodiwa alikuwa bado hai kuzisikia.

Nyumba nyingi za Merigi sasa zina simu inayoweza kurekodi sauti. Vijana wanaorudi nyumbani Desemba wakae na kogo, nyanya yao, wabonyeze kitufe na kuanza na swali moja: kurenet yangu ilikuwa ya nani, na aliishi vipi?