Uvimbe umeshatolewa, kwa nini umeze dawa miaka mitano?

Mgonjwa wa saratani ya matiti akishamaliza upasuaji, tibakemia na mionzi, mara nyingi hurudi nyumbani na pakiti ya vidonge vidogo na maelekezo mafupi: meza kimoja kila siku kwa miaka mitano. Kwa mwanamke wa Karema, Mishamo au Inyonga mkoani Katavi, hapo ndipo sehemu ngumu ya tiba inapoanza.

Hospitalini wauguzi walimkumbusha kila kitu. Nyumbani yuko peke yake. Nywele zimeota, nguvu zimerudi, ameanza tena kwenda shamba. Haumwi popote. Kinachomkumbusha ugonjwa ni kile kidonge tu, nacho kinamletea joto na jasho usiku. Wazo linamjia taratibu: nimeshapona, niache.

Wazo hilo linaeleweka, lakini ni la hatari. Kidonge hiki hufanya kazi yake siku ambazo mgonjwa hasikii chochote.

Dawa hii inafanya nini?

Wengi hudhani tiba ya homoni ni kuongezewa homoni mwilini. Ni kinyume chake. Baadhi ya saratani za matiti hukua kwa kutumia homoni ya kike ya estrojeni. Chembe zake zina vipokezi, yaani sehemu maalumu zinazoipokea homoni hiyo. Kipimo cha maabara cha kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe ndicho huonyesha kama vipokezi hivyo vipo. Saratani isiyo navyo haifaidiki na vidonge hivi, ndiyo maana si kila mgonjwa anayepewa.

Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe ataelewa haraka. Estrojeni ni maji, na chembe za saratani ni magugu yaliyobaki kwenye jaruba. Tamoksifeni huziba mlango wa jaruba ili maji yasiingie. Dawa kama anastrozoli na letrozoli hupunguza maji kule chanzoni, nazo hutumiwa zaidi na wanawake ambao hedhi imeshakoma. Magugu yasiyopata maji hunyauka, lakini mengine hulala tu yakisubiri. Ukifungua mlango mapema, yanaweza kuamka.

Upasuaji huondoa uvimbe unaoonekana. Chembe chache zilizokwishatoroka kwenda kwenye mifupa, ini au mapafu hazionekani kwa macho, na huenda vipimo visizione. Hizo ndizo kidonge kinazilenga.

Miaka mitano ilitoka wapi?

Muda huo haukubuniwa ofisini. Mwaka 2011, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya majaribio 20 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 21,000. Kwa wenye saratani yenye vipokezi vya estrojeni, kutumia tamoksifeni kwa takriban miaka mitano kulipunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Faida iliendelea hata baada ya dawa kukoma.

Utafiti mwingine uitwao ATLAS ulilinganisha miaka mitano na kumi. Wanawake 6,846 kati ya walioshiriki walikuwa na saratani ya aina hii. Kati ya mwaka wa tano na wa 14 tangu ugonjwa kugundulika, waliofikisha miaka kumi walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani hiyo ya takriban 12 kwa kila 100, dhidi ya 15 kwa walioishia miaka mitano. Ndiyo maana daktari anaweza kukuambia uendelee baada ya miaka mitano. Haina maana kwamba tiba imeshindwa.

Kuacha si tatizo la Katavi peke yake

Huko California, Marekani, watafiti waliwafuatilia wanawake 8,769 walioandikiwa dawa hizi. Kufikia miaka minne na nusu, karibu theluthi moja walikuwa wameacha. Waliotumia dawa ipasavyo kwa muda wote walikuwa 49 tu kati ya kila 100. Hao walikuwa na bima na maduka ya dawa karibu.

Kwa hiyo mgonjwa wa Mpanda aliyeacha asijione mzembe kuliko wengine. Ila yeye ana kikwazo cha ziada, nacho ni umbali. Mionzi na kliniki za saratani ziko mbali na Katavi, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Anayepanda basi au treni hadi Tabora ili aunganishe huko anahitaji nauli, mahali pa kulala na mtu wa kubaki na watoto. Masika yakiharibu barabara za vijijini, au msimu wa mavuno ukifika, tarehe ya kliniki hupita. Pakiti inaisha, wiki inakuwa mwezi.

Panga safari ya dawa kabla pakiti haijaisha. Ukiwa kliniki, uliza maswali matatu. Naweza kupewa dawa za miezi mingapi kwa mara moja? Unaweza kuniandikia barua ili niendelee kupata dawa na kupimwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa wangu? Ikikosekana huko, nifanye nini? Kisha hesabu vidonge vyako nyumbani. Vikibaki vya wiki tatu, anza kutafuta vingine. Tunza nakala ya majibu ya kinyama na andika jina la dawa na kipimo chake kwenye daftari, ili daktari yeyote utakayemfikia aelewe pa kuanzia.

Ukisahau siku moja, usiogope na usimeze viwili kesho yake. Tamoksifeni hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Endelea na ratiba yako. Hatari iko kwenye wiki na miezi inayopotea.

Maudhi ya dawa yasemwe

Joto la ghafla usoni na kifuani, jasho la usiku, hedhi kuvurugika na ute ukeni ni maudhi ya kawaida ya tamoksifeni. Anastrozoli na letrozoli huleta zaidi maumivu ya viungo na kudhoofisha mifupa. Mengi kati ya haya yana namna ya kupunguzwa, na wakati mwingine dawa inaweza kubadilishwa. Lakini daktari hawezi kusaidia jambo asiloambiwa. Ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa navyo ni sehemu ya tiba. Visemwe bila aibu.

Zipo dalili zisizosubiri siku ya kliniki. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla vinaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hospitali mara moja. Damu kutoka ukeni baada ya hedhi kukoma nayo ichunguzwe haraka, kwa kuwa tamoksifeni huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba. Kwa wengi wenye saratani ya aina hii, faida ya dawa ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Mimba na dawa nyingine

Tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayetumia dawa hii na bado anaweza kushika mimba atumie kondomu au kitanzi cha shaba, si sindano, vidonge wala vijiti vyenye homoni. Hedhi kukatika wakati wa dawa si uhakika kwamba huwezi kushika mimba. Anayetamani mtoto azungumze na daktari kabla ya kuacha. Kwa baadhi ya wanawake, tiba inaweza kusimamishwa kwa muda maalumu chini ya uangalizi.

Mwambie pia mhudumu dawa zote unazotumia. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza sana tamoksifeni mwilini. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, hudhoofisha kazi yake. Dawa za miti shamba nazo zitajwe.

Nyumbani

Watu wanaotumia dawa za presha au ARV wanajua siri ya dawa ya kila siku: iunganishe na jambo usilolisahau, kama chai ya asubuhi au kupiga mswaki, na uwe na mtu mmoja anayejua. Mume, dada au binti anaweza kuuliza kila jioni, "Mama, umemeza?" Swali hilo ni msaada, lisigeuzwe ugomvi. Vidonge vikae mahali pakavu, pasipo jua na mbali na mikono ya watoto. Visigawiwe kwa jirani mwenye uvimbe. Yeye anahitaji kupimwa.

Na kama umeshaacha? Rudi. Sema ukweli uliacha lini na kwa nini. Daktari akidhani ulikuwa unameza, anaweza kuamua kwamba dawa imeshindwa wakati haikupewa nafasi. Hata baada ya miezi kadhaa, huenda bado kuna faida ya kuanza tena, na uamuzi huo ufanywe pamoja naye.