Bodaboda, Mama Mjamzito na Mtoto: Panga Safari Kabla ya Kupanda

Kwa akina mama wengi wa Shinyanga na Geita, bodaboda ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo basi la kliniki na ndiyo usafiri wa kurudi nyumbani na mtoto mchanga. Hiace hupita barabara kuu, michomoko husubiri ijae, lakini pikipiki inafika mpaka mlangoni, hata kwenye kambi za wachimbaji zilizo nyuma ya vilima.

Kukwambia "usipande bodaboda" bila kukupa njia nyingine hakutakusaidia. Ukurasa huu unaeleza ni lini pikipiki inafaa na ni lini haifai, jinsi ya kupanga safari mapema, jinsi ya kukaa, na nini cha kufanya mkianguka. Usome pamoja na baba wa mtoto, mama mkwe, au yeyote atakayekusindikiza siku ya safari.

Je, mtikisiko wa pikipiki unaharibu mimba?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi. Mtikisiko wa kawaida wa njiani peke yake hautoi mimba iliyo salama. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu kijusi hakikuumbika vizuri tangu mwanzo, wala si kosa la mama.

Hatari kubwa ya pikipiki ni kuanguka. Tumbo likigonga chini, au hata mwili ukitikiswa kwa nguvu ghafla, kondo la nyuma linaweza kuachia kutoka kwenye ukuta wa mji wa mimba. Damu inaweza kuvujia ndani bila wewe kuiona, na mtoto akakosa hewa. Kadiri tumbo linavyokua, hasa kuanzia mwezi wa saba, uzito wako husogea mbele na ni vigumu zaidi kujizuia usianguke.

Wapo pia wanaosema safari ya pikipiki kwenye njia mbovu huharakisha uchungu. Si kweli. Usipande bodaboda kwa lengo hilo.

Usipande pikipiki kabisa kama:

- unatokwa damu ukeni, hata kidogo;
- umeambiwa kliniki kwamba kondo la nyuma limekaa chini, au una historia ya kujifungua kabla ya wakati;
- una kifafa cha mimba, kichwa kinauma sana, unaona maluweluwe au umevimba uso na mikono;
- chupa imepasuka na uchungu unakuja karibu karibu, au unasikia kusukuma;
- umetoka kufanyiwa upasuaji wa kujifungua;
- unasikia kizunguzungu au umewahi kuzirai siku za karibuni.

Mwenye uchungu mkali hawezi kujishikilia vizuri kwa dakika nzima, na aliye karibu kupata degedege anaweza kuanguka bila onyo. Hapo tafuta gari. Gari lisipopatikana haraka, bajaji inayoendeshwa taratibu ni afadhali kuliko pikipiki.

Namba 115: usafiri wa dharura bila malipo

Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga, unaoitwa m-mama. Shinyanga ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuutumia, pamoja na Sengerema upande wa Mwanza, kabla haujapelekwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022.

Unapiga 115, bure. Anayepokea atakuuliza mgonjwa yuko wapi na ana dalili gani. Kama gari la wagonjwa liko karibu, litatumwa. Kama halipo, anaitwa dereva wa gari binafsi aliyesajiliwa katika eneo lenu, na mfumo ndio unaomlipa. Mume, jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupiga kwa niaba yako.

Ukipiga, taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana: shule, kanisa, msikiti, mnara wa simu, soko. Kwenye machimbo, jina la mwenye duara halimsaidii dereva wa kutoka mbali. Mwelekeze mtu akasimame barabarani na tochi.

Panga safari ukiwa bado mzima

Kliniki watakuuliza kuhusu mpango wako wa kujifungua. Usijibu tu "nitaenda hospitali". Kaeni nyumbani mzungumze mambo haya ifikapo mwezi wa saba, au mapema zaidi kama mnaishi mbali.

*Unakwenda wapi?* Zahanati iliyo karibu inatosha kwa wengine. Mwenye mapacha, aliyewahi kupasuliwa, au mwenye presha anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji. Jua njia yote hadi mlangoni. Kwa mfano, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga iko Mwawaza, nje ya katikati ya mji; mgeni anayeshuka stendi akidhani amefika bado ana safari.

*Nani anaamua?* Baba anaweza kuwa duarani, chini ya ardhi, ambako simu haishiki. Akina mama hupoteza saa za thamani wakimsubiri atoke ndipo nauli ipatikane. Kubalianeni mapema kwamba dalili ya hatari ikitokea, unaondoka, yeye atakukuta huko. Mteueni mtu wa pili mwenye ruhusa ya kuamua. Kama mlihamia machimboni na hamna ndugu, jirani mnayeaminiana anatosha.

*Nani anaendesha?* Usisubiri kuchagua dereva usiku wa uchungu. Tafuta wawili kijiweni: watu wazima, wasiokunywa, wenye leseni na wanaokubali kuitwa usiku. Andika namba zao kwenye kadi ya kliniki, pamoja na namba za pikipiki zao zinazoanza na MC. Angalia matairi kama si vipara, breki kama zinashika, na taa ya mbele kama inawaka.

*Pesa ziko wapi?* Wekeni akiba kidogo kidogo ya nauli ya kwenda na kurudi, isiyoguswa kwa jambo lingine. Pesa ya machimboni huja kwa msimu. Mimba haisubiri msimu.

*Ni msimu gani?* Mvua za kwetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Kwenye mbuga za Shinyanga na Kishapu, udongo mweusi ukilowa huteleza na kuganda kwenye matairi. Geita, maji hushuka vilimani na kuchimba mifereji katikati ya njia. Kama tarehe yako inaangukia masika na njia yenu hukatika, nenda mapema ukakae kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au uliza kliniki kama kuna nyumba ya mama ngojea.

Njia za vilima na machimbo

Barabara za kuingia machimboni, kama zile za Nyarugusu au Rwamgasa, zina mambo yake. Malori ya mawe huacha vumbi zito ambalo dereva wa pikipiki haoni mbele. Kuna mashimo ya zamani yaliyoachwa kando ya njia. Mvua ikinyesha hujaa maji na kuonekana kama dimbwi la kawaida.

Mwambie dereva wako bila aibu:

- Asizime injini wala kuweka nyutro mteremkoni ili kubana mafuta. Injini ikiwa kwenye gia ndogo husaidia breki.
- Asilifuate lori kwa karibu. Asubiri vumbi litue.
- Asipite kwenye maji asiyojua kina chake.
- Kwenye mteremko mkali au daraja la miti, ashuke taratibu, na wewe shuka utembee kama unaweza.
- Safari ianze asubuhi. Usiku ni kwa dharura tu.

Maneno machache yanatosha: "Kaka, nina mimba ya miezi minane. Twende taratibu, nauli ni ileile." Dereva anayekasirika kwa hilo, mwache, ita mwingine.

Namna ya kuvaa na kukaa

Vaa kofia ngumu, yaani helmeti, na uifunge kidevuni. Helmeti nzuri hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ikiwa imelegea au haijafungwa, itaruka kabla kichwa hakijagonga chini. Kama unachukia kuvaa ya abiria wengine, funga kitambaa safi chepesi kichwani kwanza, au nunueni yenu ya familia.

Kaa kwa kutanua miguu, uso mbele, miguu yote miwili ikiwa juu ya vikanyagio. Kukaa upande ni desturi ya heshima, lakini pikipiki ikiruka shimo huna pa kujishikilia. Vaa suruali au taiti ndani ya gauni pana, heshima ibaki na usalama uwepo. Ncha za kanga na kitenge zikunje ndani. Zikinaswa na mnyororo au spoksi zinakuvuta chini.

Panda na kushuka upande wa kushoto, kwa kuwa ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Kwa safari ndefu, kama Kahama hadi Shinyanga mjini ambayo ni zaidi ya kilomita 100, panda basi. Bodaboda ikufikishe tu barabara kuu.

Ukiwa na mtoto

Kanuni za mwaka 2010 za leseni za pikipiki na bajaji zinakataza kubeba mtoto aliye chini ya miaka 9, na abiria zaidi ya mmoja. "Mishikaki" ya mama, watoto wawili na dereva ni kosa, na sababu yake ni ya kiafya: mtoto mdogo hawezi kujishikilia, hana helmeti inayomtosha, na mguu wake mfupi huingia kwenye spoksi. Majeraha ya kisigino kwenye spoksi ni mabaya na huchukua wiki nyingi kupona.

Kwa kliniki ya chanjo, ambayo tarehe yake unaijua, panga kutembea, kupanda bajaji au hiace. Akina mama wa mtaa mmoja mnaweza kuchangia bajaji siku hiyo.

Dharura ikikulazimisha kupanda pikipiki na mtoto, punguza hatari hivi:

- Usimkalishe mbele kwenye tangi. Dereva akifunga breki, yeye ndiye wa kwanza kurushwa.
- Mchanga afungwe kifuani kwako, kwenye ngozi yako, uso ukiwa pembeni na pua ikiwa wazi. Usimfunike uso kwa kanga nzito na koti ili kumkinga vumbi; anaweza kukosa hewa. Simama kila baada ya muda mfupi umwangalie anavyopumua.
- Usimbane kati yako na mgongo wa dereva. Acha nafasi.
- Mtoto akiwa kwenye degedege, msisafiri wakati huo. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ita msaada; ikiacha, ondokeni mara moja.
- Mwenye kuharisha apewe maji ya ORS kidogo kidogo kila mnaposimama.

Mfuko uliobebea zebaki au mchanga wa mwaloni usiwekewe nguo wala chakula cha mtoto, hata ukikung'utwa.

Ukijifungua salama, kaa kituoni angalau saa 24 kabla ya kuanza safari ya kurudi. Saa hizo ndizo zenye hatari zaidi ya kutokwa damu nyingi, na ukiwa njiani vichakani hakuna wa kukusaidia.

Mkianguka

Mjamzito aliyeanguka aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu na hata kama mtoto anacheza. Kondo linaweza kuachia saa kadhaa baadaye. Nenda haraka zaidi ukiona damu, maji yanatoka, tumbo limekuwa gumu, au mtoto amepunguza kucheza. Kama kundi lako la damu ni hasi, mwambie mhudumu. Kuna sindano inayotakiwa kutolewa ndani ya saa 72.

Aliyezirai au anayelalamika shingo asinyanyuliwe na kukalishwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mwacheni alale, kichwa kisichezeshwe, msimvue helmeti kama anapumua vizuri. Kama anavuja damu, gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi. Pigeni 115 kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga. Kwa ajali nyingine pigeni polisi 112 na tafuteni gari.

Hospitali itahitaji PF3 ya polisi. Ndugu mmoja aifuatilie wakati majeruhi yuko njiani; mgonjwa asicheleweshwe kituo cha polisi.

Andika leo kwenye kadi yako

1. Kituo nitakachojifungulia.
2. Namba 115, na madereva wawili.
3. Mtu atakayeamua kama baba hayupo.
4. Mtu atakayebaki na watoto.
5. Mahali akiba ilipo.
6. Kundi langu la damu, na ndugu anayeweza kunichangia.

Kama huna majibu ya yote, anza na namba ya pili. Mengine muulize mhudumu wa afya utakapokwenda kliniki, au piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo.