Je, Nabii Yaaqub (A.S.) Hakufa? Kauli ya Wanazuoni wa Kiyahudi na Mafunzo Yake

  

Baada ya darsa moja mjini Bukoba tuliletewa swali na vijana wawili, mmoja wa hapo mjini na mwingine wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Walikuwa wamehudhuria mhadhara wa kulinganisha dini, na mhadhiri akasema kwamba Mayahudi wanaitakidi kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) hakufa, yu hai mpaka leo. Watu wakacheka. Jirani Mkristo akasimama na Biblia yake, akasoma habari za maziko ya Yakobo, kisha akauliza: ni Mayahudi gani hao wanaoamini hivyo? Mhadhiri hakuwa na jibu. Vijana wakatuuliza: je, alisema uongo, au alisema jambo la kweli asilolijua?

Jibu ni hilo la pili. Kauli hiyo ipo katika vitabu vya Mayahudi, lakini maana yake sio ile iliyofikishwa kwa watu. Tumeona ni vyema tuifafanue, kwa sababu ndani yake mna mafunzo ya tafsiri, ya fiqhi, na ya uadilifu katika kuwanukulu wengine.

Taurati iliyo mikononi mwao

Tuanze na maandiko yenyewe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 47, kinaeleza kuwa ajali ya Israeli, yaani Yaaqub, ilipokaribia alimwita mwanawe Yusuf, akamwapisha asimzike Misri. Katika sura ya 48 anamwambia Yusuf waziwazi kuwa anakufa. Sura ya 50 inasema Yusuf aliwaamuru matabibu waupake mwili wa baba yake dawa za kuuhifadhi, kazi iliyochukua siku 40, na Wamisri wakamlilia siku 70. Kisha akachukuliwa mpaka Kanaani akazikwa katika pango la Makpela, huko Al-Khalil, ulipo leo Msikiti wa Ibrahim. Baada ya hapo ndugu zake Yusuf wakaingiwa na hofu walipoona baba yao amekufa.

Basi shaka imetoka wapi? Imetoka katika aya moja, Mwanzo 49:33. Kitabu hicho kinapoeleza mwisho wa Ibrahim (25:8), wa Ismail (25:17) na wa Is-haq (35:29), kwa lugha ya Kiebrania kinataja mambo matatu: kukata roho, kufa, na kukusanywa kwa watu wake. Kinapofika kwa Yaaqub kinataja kukata roho na kukusanywa, na lile neno la kati, "akafa", halimo. Mayahudi wana kanuni kwamba hakuna neno katika Taurati lililowekwa au kuachwa bure. Kwa hiyo wanazuoni wao wakauliza: kwa nini liliachwa hapa?

Mazungumzo baada ya chakula

Mjadala umehifadhiwa katika Talmudi ya Babeli, katika sehemu iitwayo Taanit, ukurasa wa 5. Talmudi, kwa asiyeijua, ni mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya wanazuoni wao katika sheria, tafsiri na visa. Haimo ndani ya Biblia, na ndiyo maana yule jirani hakuweza kuiona kauli hiyo katika kitabu alichokishika.

Wanazuoni wawili, Rabbi Nahman na Rabbi Yitzhak, walikuwa wakila pamoja. Nahman akamwomba mgeni wake aseme neno la elimu. Yitzhak akajibu kuwa mwalimu wake Rabbi Yohanan, mwanachuoni mkubwa wa Tabariya katika karne ya 3 Miladia, alifundisha kuwa watu wasizungumze wakati wa kula, chakula kisije kikapita njia ya pumzi kikamdhuru mlaji. Walipomaliza kula ndipo akasema: hivi ndivyo alivyosema Rabbi Yohanan, kwamba Yaaqub baba yetu hakufa.

Nahman hakuipokea kauli hiyo kimya kimya. Aliuliza swali lile lile la jirani yetu wa Kagera: je, waliomlilia, waliompaka dawa na waliomzika, walifanya kazi bure? Yitzhak hakukanusha maziko. Alijibu kuwa yeye anafafanua andiko. Kisha akataja kitabu cha Yeremia 30:10, ambapo Mungu anamwahidi Yakobo kumwokoa yeye pamoja na kizazi chake kutoka utumwani. Andiko limemuunganisha Yaaqub na kizazi chake. Na kwa kuwa kizazi chake kiko hai, naye yu hai.

Msomaji atazame vizuri jibu hilo. Aliulizwa juu ya tukio, akajibu kwa maana. Aliposema hakufa alikusudia kwamba baba wa taifa lililotawanyika na kuonewa hajatoweka maadamu wana wake wangali wakishika agano lake.

Waliokuja baadaye

Haitoshi hata hivyo kusema Mayahudi wote wameifahamu kauli hiyo namna moja. Rashi, mfasiri wao mashuhuri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, aliichukua karibu na dhahiri yake: waliompaka dawa walidhani tu kuwa amekufa. Wanaoelekea upande huu hutaja kisa kilichomo katika sehemu nyingine ya Talmudi, Sota 13, kwamba wakati wa maziko Esau alizuia pango, akapigwa kichwani na mjukuu wa Yaaqub, na Yaaqub akafumbua macho akatabasamu.

Ramban wa Hispania, aliyefariki mwaka 1270, aliona uzito wa upande wa pili. Aliuliza: vipi itakuwa hivyo na Yaaqub mwenyewe alimwambia Yusuf kuwa anakufa? Baada ya kujadili, akaielekeza kauli hiyo kwenye hali ya roho za watu wema, ambazo kwao huhifadhiwa katika fungu la uhai.

Kwa hiyo wapo walioshika dhahiri, wapo walioifahamu kwa maana ya kizazi, na wapo walioifahamu kwa maana ya roho. Pamoja na hayo yote, kaburi la Yaaqub kwao ni kaburi, na hulizuru huko Al-Khalil kama linavyozuriwa kaburi la mtu aliyefariki.

Mlango wa Ilyaas (A.S.) ni mwingine. Huyo, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2, hakuonekana kuzikwa. Alichukuliwa katika kisulisuli, na watu 50 wakamtafuta siku tatu wasimwone. Hata huko wametofautiana. Wengi wao husema angali hai, na humwekea kiti anapotahiriwa mtoto. Lakini Talmudi (Sukka 5) imemnukulu Rabbi Yose akisema kwamba Musa na Ilyaas hawakupanda mbinguni.

Qur'an inasemaje

Katika Surat al-Baqara, aya ya 133, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawauliza Ahlul-Kitab kama wao walikuwepo mauti yalipomfikia Yaaqub, pale alipowauliza wanawe watamwabudu nani baada yake, nao wakajibu kuwa watamwabudu Mungu wake, na Mungu wa baba zake Ibrahim, Ismail na Is-haq, Mungu Mmoja.

Al-Wahidi katika kitabu chake cha sababu za kuteremka aya ameeleza kuwa Mayahudi walimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba Yaaqub siku aliyokufa aliwausia wanawe dini ya Kiyahudi. Hapa pana faida. Kwa riwaya hiyo, Mayahudi wenyewe mbele ya Mtume walizungumzia siku aliyokufa. Ugomvi haukuwa juu ya kufa kwake, ulikuwa juu ya wasia wake. Aya imeyataja mauti kuwa jambo linalojulikana, ikakanusha kile walichokizua.

Tena Talmudi yao, sehemu ya Pesahim 56, inasimulia kuwa Yaaqub akiwa kitandani mwa mauti aliingiwa na hofu kwamba huenda miongoni mwa wanawe yumo aliyepotoka, nao wakamjibu kwa kushuhudia kuwa Mwenyezi Mungu ni Mmoja. Muhadhiri mwenye elimu angeanzia hapa, maana hapa maandiko yao yanashuhudia tauhidi iliyosemwa na Qur'an.

Sisi nasi husema "hakufa"

Kabla ya kuwacheka wengine tujitazame. Kwa Kiswahili chetu, mtu akifa tunasema amefariki, ametutoka, amerejea kwa Mola wake. Katika maneno hayo "kufa" halimo, na hakuna anayeacha kuchimba kaburi kwa sababu hiyo. Kukosekana kwa neno sio dalili ya kukosekana kwa jambo.

Zaidi ya hayo, Mwenyezi Mungu ametukataza kusema kuwa waliouawa katika njia Yake ni wafu (al-Baqara 2:154, Aal Imran 3:169). Wako hai kwa Mola wao, wanaruzukiwa. Lakini hukumu za dunia zilikwendaje? Sa'd bin Rabi'i (R.A.) aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria. Mjane wake alimwendea Mtume (S.A.W.) kulalamika kuwa ndugu wa marehemu ameichukua mali yote na kuwaacha mabinti wawili bila kitu. Zikateremka aya za mirathi, na Mtume akaamuru mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki kiwe cha ndugu. Shahidi yu hai kwa Mola wake, na mali yake imerithiwa. Hakuna mgongano, kwa sababu uhai huo ni wa Barzakh na mirathi ni ya dunia.

Na katika mwezi wa Rabiul-Awwal mwaka wa 11 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipofariki, Umar (R.A.) kwa uchungu wa mapenzi alisema kuwa hakufa, bali amekwenda kwa Mola wake kama Musa alivyokwenda siku 40, na atarejea. Abu Bakr (R.A.) akasimama, akawasomea aya ya 144 ya Surat Aal Imran, na Umar aliposikia miguu yake ikashindwa kumbeba. Kama angetokea mtu akanukulu nusu ya kwanza ya kisa hiki tu, akasema "Waislamu wanaamini Mtume wao hakufa, kasema Umar", tungemwita mzushi. Basi ndivyo alivyofanya yule aliyewanukulu Mayahudi.

Walio ndani ya ziwa

Suala hili sio la vitabuni tu kwa watu wa Kagera. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wako waliozikwa kwa pamoja Igoma, na wako ambao miili yao haikuonekana. Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba swali "je, amekufa?" liliulizwa kwa machozi, na mjane na yatima walihitaji jibu lenye hukumu.

Fiqhi imeliweka suala hilo katika mlango wa mafqud, yaani mtu aliyepotea. Katika kauli mpya ya Imam Shafii, mke hubaki katika ndoa mpaka ithibiti kufa au talaka, na mali haigawiwi mpaka upatikane ushahidi, au upite muda ambao kwa kawaida mfano wake haishi, kisha kadhi ahukumu. Katika kauli yake ya kale, iliyofuata hukumu ya Umar (R.A.), mke hungoja miaka minne kisha hukaa eda ya kufiwa. Wanazuoni wa Kihanbali wametofautisha: aliyepotea katika hali ambayo ghalibu yake ni maangamizi, na mfano walioutaja wenyewe ni chombo kilichozama baadhi wakaokoka na baadhi wakapotea, hungojwa miaka minne, kisha mali yake hugawiwa na mke wake hukaa eda. Jambo kama hili huamuliwa kwa kadhi na mahakama, wala haliamuliwi barazani.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyekufa kwa kuzama ni miongoni mwa mashahidi. Huyo ni shahidi wa Akhera. Mwili wake ukipatikana huoshwa na kuswaliwa kama maiti wengine. Familia inayosema mtu wao yu hai kwa Mola wake inamtarajia kheri, na pamoja na hayo inakaa eda na kugawa mirathi baada ya kifo kuthibiti.

Nasaha kwa wahadhiri

Mtume (S.A.W.) ametupa ruhusa ya kusimulia habari za Bani Israil, na katika Hadithi nyingine akatutaka tusiwasadiki Ahlul-Kitab wala tusiwakadhibishe, zote mbili ziko kwa Bukhari. Ruhusa hiyo haikuondoa amana. Surat al-Maida, aya ya 8, inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Sehemu kubwa ya tunayoyajua huku kuhusu Mayahudi tumeyapata kwa majirani zetu Wakristo. Jamii ya Kiyahudi iliyo karibu nasi ni ya Abayudaya wa Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Anayetaka kuwanukulu Mayahudi na amtaje aliyesema, alijibiwaje, na wenziwe walitofautiana vipi. Akishindwa, na anyamaze au aseme sijui.

Wale vijana wawili tuliwashauri wamwendee jirani yao, wamwambie kuwa swali lake lilikuwa sahihi, na kwamba Rabbi Nahman aliliuliza kabla yake. Mhadhiri naye tunamwombea kheri, na tunatumai atalirekebisha neno lake mbele ya watu wale wale waliolisikia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia nchi kavu na majini, na atujaalie nasi tufe katika wasia wa Yaaqub kwa wanawe. Wallahu aalam.